Trauti wa Oud Metha

Kiganjo, 18 Novemba 2024

Baba Yuliana,

Nakuandikia barua ya karatasi kwa sababu ya kidole gumba. Jumatatu iliyopita nilikutumia ujumbe mrefu kwenye simu nikikueleza jinsi ya kukaza fundo la mwisho, ukanijibu kwa kile kipicha cha kidole gumba. Jumanne nikakuuliza kama umeelewa, kidole gumba. Jumatano nikakwambia Yuliana ameota gego na amemng'ata mama yako mkono, kidole gumba! Sasa hebu tuone kwenye karatasi utaweka nini. Nimeitia ndani ya kifurushi cha nzi wa kuvulia, chini ya pamba, na jamaa wa mizigo wa Deira huko Dubai ameahidi kukupigia kikifika.

Nzi hao wadogo weusi ndio wa baridi. Nimewafunga kwenye ndoana ndogo mpaka macho yakaniuma, unyoya mmoja na uzi, na kila mmoja ana kishanga cha shaba shingoni ili azame. Usiwarushe kama unayewatupia kuku mahindi. Trauti ni samaki mvivu kwenye maji baridi. Hapandi juu, hakimbizi kitu, anakaa chini kabisa akingoja chakula kimpitie mbele ya mdomo. Nilikuonyesha mwezi wa Julai tulipokwenda mtoni ukungu umeshika, ukasema umeelewa, kisha ukaenda kusimama kwenye jua.

Na nakukumbusha tulivyokubaliana, maana kichwa chako nakijua. Kazi hiyo niliitiwa mimi. Yule mteja wetu alipouliza karakanani tunakofunga nzi kama kuna mtu wa kufundisha wageni wa hoteli ya Dubai kuvua trauti kwa nzi wa kutengenezwa, msimamizi alinitaja mimi. Baba yangu alikuwa mlinzi wa mto, nami nimebeba fimbo za wageni wake tangu darasa la tatu. Pasipoti yangu ikatoka, halafu Yuliana akalazwa na nimonia. Ndipo tukasema uende wewe, msimu huu tu. Nikakufundisha kurusha mshipi kwa kamba ya kuanikia nguo, nyuma ya nyumba, majirani wakitucheka. Nawe ukaahidi utamwambia bosi wako waziwazi kwamba fundi ni mkeo, na mwaka ujao nije mwenyewe.

Je, umemwambia? Hilo ndilo swali langu. Mengine ni porojo.

Wako,
Harriet

*

Muhaisnah, Dubai, 1 Desemba 2024

Mama Yuliana mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa mumeo ambaye yu mzima wa afya na anakukumbuka kila akiona maji. Kifurushi kimefika. Nzi ni wazuri ajabu, mpaka jamaa wa mizigo alitaka kuwapulizia dawa akidhani ni wazima.

Hii hoteli ungeiona! Iko Oud Metha, na ndani ya ukumbi wao mkubwa wamejenga mto. Mto mzima, wa saruji, una mawe, una kona, una mashine ya kusukuma maji na nyingine ya kuyapooza. Juu kuna mashine ya theluji. Nje watu wanatembea na fulana, humu ndani wanapewa makoti mlangoni. Wameuita Msimu wa Baridi. Kila asubuhi basi la kampuni linatuchukua hapa Muhaisnah tunakolala, na mimi naketi kiti cha mbele kwa sababu ni koochi, ndivyo wanavyomwita mwalimu.

Usijali kuhusu baridi. Wamenipa suruali ya mpira inayofika kifuani, imeungana na mabuti, ya kisasa kabisa. Nikiwa ndani yake ni kama nimevaa blanketi.

Tatizo limekuwa dogo tu. Mteja wa kwanza kupata samaki alikuwa bwana mmoja mnene, mpole. Alipokwenda kunawa mikono nikaona nimfanyie ukarimu. Nikampasua samaki wake vizuri, nikatoa matumbo, nikaomba ndimu na chumvi jikoni, nikamfunga kwenye karatasi safi kama vile tunavyomfungia mgeni nyumbani. Aliporudi nikampa kwa mikono miwili. Mama Yuliana, yule bwana alikaribia kulia. Sir Thamer, huyu meneja wetu, alipiga kelele mpaka theluji ikasimama: "Ignatius! Huyu samaki anapigwa picha! Anapigwa picha, kisha anarudi kwenye maji! Khalas!" yaani basi. Sasa mimi ningejuaje? Mtu mwenye akili zake anamtoa samaki majini ili amrudishe?

Jambo la pili, tangu siku ile hakuna samaki anayeuma. Narusha kama ulivyonifundisha, wanawatazama nzi wako wakipita kama watu wanaotazama maandamano. Sir anazunguka na simu yake, "Yalla, Ignatius, yalla," ati haraka, na mimi sijui niwaambie nini samaki. Nishauri upesi.

Lile swali lako nimelisikia. Sir ni mtu wa shughuli nyingi. Nitamwambia inshallah.

Mumeo akupendaye,
Ignatius

*

Kiganjo, 12 Desemba 2024

Baba Yuliana,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipofika penye ndimu na chumvi nikakaa.

Nilikwambia kwamba wageni wanamrudisha samaki. Nilikwambia kwamba baba yangu alikuwa akiwatazama wakifanya hivyo na roho inamuuma mpaka jioni, na anakuja nyumbani kula sukuma wiki. Nilikwambia hivyo hivyo, kando ya mto. Lakini ulikuwa kwenye jua!

Haya, samaki. Umewahi kuuliza wametoka wapi? Hao hawajazaliwa kwenye huo mto wa saruji. Wamefugwa mahali, kwenye bwawa, wakilishwa vidonge vya kwenye gunia kila siku saa ile ile. Huyo hajawahi kumwona mbu maishani mwake, wewe unamletea mbu. Nimekufungia wengine, hao wa rangi ya chakula cha kuku, wa mviringo, nimewatengeneza kwa manyoya ya sungura wa jirani. Kabla ya wageni kuingia, tupa kiganja kimoja cha vidonge majini, kisha rusha nzi palepale. Ukiwashika kwa hao wakachangamka, anza kuwapitishia wale weusi chini, polepole. Na samaki wa baridi haumi kwa fujo. Mshipi unasita kidogo tu, kama mtu aliyetaka kusema neno akaliacha. Hapo ndipo unainua fimbo. Ukingoja avute, umemkosa.

Hili ni darasa la mwisho la bure. Inshallah ni neno la heshima, na jirani zetu wa msikitini wakilisema wanatimiza. Wewe umelifanya pazia la kujifichia. Mwambie huyo Thamer jina langu. Ni neno moja, Harriet, halina hata kona ya kumkwama mtu kooni.

Yuliana amepona kifua. Anaita kila ndege inayopita "baba". Mimi nafunga nzi karakanani, nawakamua ng'ombe, namvumilia mama yako, na siku za Jumapili watu wananiuliza mume wangu kocha anaendeleaje. Nimechoka kuulizwa.

Harriet

*

Muhaisnah, 22 Desemba 2024

Mama Yuliana malaika wangu,

Wameuma! Nzi wako wa rangi ya chakula cha kuku wameumwa na samaki kiasi kwamba sir amenikumbatia mbele ya watu, na ile theluji ikinidondokea kichwani. Ijumaa kila mgeni alishika. Wameanza kuniita Profesa. Hata jamaa wa usalama, Siraje, ambaye hanipi salamu, alinifungulia mlango.

Nilifanya vilevile ulivyosema, mshipi ukasita kama mtu aliyeacha neno, nikainua. Nilitumia maneno yako hayo hayo kuwaeleza wageni. Mama mmoja Mwingereza aliyaandika.

Kuna habari njema zaidi. Sir anataka Jumatano iwe siku ya wanawake peke yao. Wanaume wote tutoke, hata yeye, na milango ifunikwe. Akaniambia, "Ignatius, nitafutie mwanamke anayejua hii kazi, hata kutoka nchi yenu." Nilifikiri sana. Kuna msichana wa Uganda anayehudumu mgahawani, anaitwa Trinah, ana nguvu za mkono na ni mwepesi kuelewa. Nimemwambia sir nitamfundisha mwenyewe kwa mwezi mmoja. Amekubali palepale.

Kwa hiyo nakuomba unitumie barua nyingine ndefu yenye maelezo yote tangu mwanzo, hasa jinsi mkono wa mwanamke unavyorusha, maana naona ni tofauti na wangu. Pia nzi wengi, weusi na wale wa kuku. Fanya haraka, Jumatano ya kwanza ni mwezi ujao.

Krismasi njema. Mbusu Yuliana.

Profesa wako,
Ignatius

*

Kiganjo, 2 Januari 2025

Ignatius,

Ametafutwa mwanamke. Mwanamke anayejua trauti, hata kutoka nchi yetu. Alikuuliza wewe, uso kwa uso. Nawe ukafikiri sana, ukatazama huku na huku, ukamwona Trinah.

Kifurushi hiki kina pamba tu. Nzi hamna. Maelezo hayamo. Mkono wa mwanamke uko huku Kiganjo, na kwa sasa unakamua.

Harriet

*

Muhaisnah, Dubai, 11 Januari 2025

Kwa Mama Yuliana,

Nnyabo, yaani mama kwa kwetu, samahani kwa kukuandikia bila kunijua. Mimi naitwa Trinah, nafanya kazi mgahawa wa hoteli na bwana yako. Kiswahili changu nimekiokota hapa Dubai kwa Wakenya, usikicheke sana.

Ignatius amenifundisha hii kazi ya samaki. Alikuwa anasoma karatasi, lakini anafunika juu kwa mkono na chini kwa mkono, mimi naona katikati peke yake. Nikasikia maneno yenyewe ni ya mwanamke. Mwanaume hawezi kusema samaki ni kama mtu aliyeacha neno. Nikamuuliza, nani ameandika? Akasema ni mwalimu wake mzee. Nikamuuliza, na mke yako anafanya nini? Akasema, anafuma vitambaa vya makochi.

Nnyabo, vitambaa vya makochi!

Juzi alipata parseli, tukafungua kwa furaha, ndani pamba. Akasoma barua kwenye basi. Tulipofika akanipa nisome mwenyewe, bila kufunika. Nimesoma na nimeona haya, kwa sababu nafasi niliyopewa ina mwenyewe. Mimi siwezi kusimama mbele ya wanawake nikafundisha kitu cha kuiba. Nilimwambia, wewe uende kwa sir, ama mimi naenda. Aliomba mpaka Ijumaa.

Usidhani huyu ni mtu mbaya. Wasichana wa mgahawa wanamheshimu, hana maneno ya ovyo, anaongea juu ya Yuliana mpaka tunamkimbia. Siku hizi anatembea vibaya, kama mtu mwenye kiatu kidogo. Ukimuuliza anasema ni sawa. Hiyo ataisema mwenyewe, mimi nimeapa nisiseme.

Kama utakuja, mimi nitakubebea fimbo.

Ni mimi,
Trinah

*

Muhaisnah, 18 Januari 2025

Mama Yuliana,

Nimemwambia sir jana, ofisini kwake, mlango wazi. Nilimwambia nzi ni wako, mbinu ya vidonge ni yako, na hata maneno ninayowaambia wageni ni yako. Nilifikiri atapiga kelele kama siku ya ndimu na chumvi. Aliweka simu yake mezani. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi namlipa nani?" Nikasema, unamlipa mtu asiyejua. Akasema nafasi ni moja, ya koochi mmoja, hawezi kuweka wawili. Wanaume atawafundisha nani? Nikamwambia ni wewe, Harriet, kwa sababu wageni wako wa huko mtoni walikuwa wanaume tangu zamani na hakuna aliyekufa. Akacheka kidogo. Akasema, "Khalas. Mlete."

Karatasi zako zimeanza kushughulikiwa. Pasipoti yako iko kwenye lile sanduku la chini, chini ya shuka za harusi. Mimi narudi kabla hujaondoka, tuonane angalau usiku mmoja nyumbani, na Yuliana nitabaki naye.

Utauliza kwa nini. Siku niliyofika uwanja wa ndege walikuwa wameshika kibao chenye jina langu, na mtu akanibebea begi, akaniita koochi. Nilikuwa nimejiandaa kusema habari zako ndani ya gari. Gari likafika hotelini bado sijasema. Kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana yake, na lile la vitambaa lilinitoka tu mdomoni. Nimeona aibu, Harriet. Bado ninaiona.

Suruali ya mpira nimekuachia kwenye kabati la wafanyakazi. Nimeikausha.

Ignatius

*

Muhaisnah, Dubai, 19 Februari 2025

Baba Yuliana,

Barua yako imefika, kurasa nne za maswali. Uji unampa kabla hajavaa sweta, si baada, maana atalipaka. Ng'ombe haumwi, ananuna kwa sababu unamshika kwa mikono ya baridi, ipashe kwanza. Mama yako akisema mtoto amekonda, itikia na uendelee na kazi. Chanjo ni mwezi ujao, kadi iko nyuma ya redio. Yote haya nilikwambia usiku ule, ukaitikia ndiyo, ndiyo. Sijui ulikuwa umesimama kwenye jua gani usiku.

Jumatano hii ndiyo ilikuwa yangu ya kwanza ya wanawake. Sir alifukuzwa kama wanaume wengine, nikaona kivuli chake kikizungukazunguka nyuma ya pazia la mlango. Walikuja wengi, na makoti yao yale ya kuazima. Kulikuwa na bibi mmoja wa hapahapa, Sumeiya, na binti zake. Alininyang'anya fimbo kabla sijamaliza kueleza, akasema alikuwa akivua na babu yake baharini akiwa mdogo, wala hataki kufundishwa kama mtoto. Nikamwacha arushe apendavyo mpaka akachoka. Kisha nikamfungia yule mdogo mweusi, nikamwambia ashushe chini, polepole, asubiri neno. Mshipi ukasita. Akainua. Yowe alilopiga, nadhani sir alianguka kule nje!

Alimshika samaki yule kwa mikono miwili chini ya maji, hakutaka picha, akamwachia. Baadaye akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema baba yangu, alikuwa mlinzi wa mto. Akauliza, na nani amekuleta Dubai? Trinah aliyekuwa ananibebea fimbo akaanza kucheka kabla sijajibu. Nikasema ni mume wangu, ila alitangulia kwanza kunijaribia maji. Wakacheka wote, nami nikacheka. Nilikuwa natania tu. Mpaka hapo nilikuwa nimesimama kwenye mbao za ukingoni, sijaingia mtoni.

Baada ya chakula ndipo nikavaa ile suruali uliyonikaushia.

Mguu wa kushoto una viraka vya tairi ya baiskeli kutoka gotini mpaka kisiginoni, kimoja juu ya kingine, na bado unavuja. Sijamaliza kumwelekeza binti wa kwanza, vidole vya mguu sivisikii. Nikaomba radhi, nikaenda nyuma ya mashine ya theluji, nikaivua, maji yakamwagika kama nimemwaga sufuria. Trinah akanifuata. Akasema mahali pale nilipokaa ndipo ulipokuwa ukikaa kila jioni kukamua soksi, na kwamba kucha mbili ziling'oka, na kwamba ulimwapisha asiniambie, kwa sababu ningejua ningekwambia urudi nyumbani na kazi ingepotea kwa wote wawili.

Tangu Novemba! Wewe, mtu wa kukimbilia jua! Ukaniandikia ni kama blanketi, nami huku nakutukana kwa kidole gumba. Nimekasirika, Ignatius. Lile la vitambaa nilikasirika nikamaliza. Hili sijui nitalimaliza lini. Usiku ule nyumbani ulilala na soksi, nikauliza, ukasema umezoea mtindo wa huku.

Nimekwenda kwa sir nikiwa peku, nikamwekea ile suruali juu ya meza, maji yakimtiririkia kwenye zulia. Akasema italetwa nyingine inshallah. Nikamwambia nami naamini, ila nitakaa hapa mpaka aagize. Ameagiza. Itafika wiki mbili zijazo, na Jumatano ijayo wanawake wanarudi, bibi Sumeiya amesema anakuja na dada zake, nami siwezi kuwaacha wamesimama.

Miguu yako ikoje? Usiniandikie ni mizima. Mpe mama yako aitazame mchana, kwenye mwanga, kidole kwa kidole, na yeye ndiye aniandikie. Kisha niambie ulitumia gundi gani, maana kiraka cha kisigino kimebanduka.

Mkeo,
Harriet